Permi ya kujenga haijui waya, na waya haujui ukuta

Kwetu Kolwezi mutu akisema "frigo inapiga," hakuna anayeshituka. Mama atakuambia tu uvae sapatu mbele ya kufungua mulango. Mutoto anajifunza ile sheria mbele ya kujua kusoma: usiguse frigo na miguu tupu, usiguse robine wakati resho inawaka. Tumezoea mpaka tumesahau kwamba frigo haina kazi ya kupiga mutu. Ikipiga, kuna kitu kimekosa ndani ya nyumba, na mara mingi kile kitu kilikosa tangu siku ya kumwanga beto ya fondasio, miaka mbele ya frigo kununuliwa.

Tukizungumza juu ya mambo haya, sisi wenye diploma tuko na jibu moja tayari: "Inchi haina sheria." Leo nataka kulipinga. Sheria tuko nazo. Kuko dekre ya tarehe 20 Juni 1957 juu ya urbanismu, iliyoachwa na Wabelgiji, na ambayo mpaka leo watu wa urbanismu wanaitaja. Kuko arete ya waziri ya tarehe 26 Juni 2013 inayopanga namna ya kutoa permi ya kujenga. Kuko sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 juu ya sekta ya umeme, ile iliyofungua mulango kwa kampuni zingine zisizo SNEL, na ambayo kutoka ndani yake kulizaliwa ARE, mamlaka ya kusimamia sekta. Kwa hiyo maandishi yako. Kosa ninaloliona ni hili: hayasomani. Permi inaangalia nyumba kama vile haitapata umeme hata siku moja. Sheria ya umeme inaangalia umeme kama vile unaishia kwenye konteri. Katikati ya konteri na mukono wa mutoto anayefungua frigo, hakuna bilo inayosema "hapa ni kwangu."

Nitaeleza kwa mufano wa nyumba moja, sababu hapo njo nilifunguka macho.

Baba mudogo wangu alinunua parseli, akapata karatasi zake, akaanza kujenga. Mi nilikuwa nimemaliza masomo, nikajiweka kuwa mukubwa wa shantie. Siku ya kumwanga beto nilifika nimechelewa. Nikauliza masoni: "Waya wa tere uko wapi?" Akanitazama na huruma: "Mukubwa, ile ni kazi ya mutu wa umeme. Atakuya kisha." Miezi ilipita, ukuta ukapanda, mabati yakakaa. Mutu wa umeme akafika, nikamuuliza swali lile lile. Akacheka: "Balisha kumwanga beto. Sasa miye ntafanya nini? Ntachimba ka-shimo inje, ntapiga ka-feri." Akapiga kale ka-feri. Tulipopima, matokeo hayakuwa ya kuandika kwa barua. Masoni hakukosea kwa kazi yake, na mutu wa umeme hakukosea kwa yake. Kosa lilikuwa katikati yao, na mwenye kupaswa kusimama pale katikati ni mimi, mwenye diploma, niliyechelewa.

Sasa tuangalie kanuni zinasema nini. Wengi wetu tulijifunza umeme na vitabu vya aina mbili: vya Ubelgiji na vya Ufaransa. Kanuni ya Ubelgiji, RGIE, ile ya mwaka 1981, ilisema: nyumba mupya ambayo fondasio yake inafika santimetri 60 ao zaidi, lazima chini kabisa ya mufereji uweke waya wa shaba mutupu wa milimita mraba 35, uzunguke nyumba yote, mbele ya beto. Norme ya Ufaransa, NF C 15-100, inaomba kitu cha namna ile ile, lakini kwa shaba ya milimita mraba 25. Ubelgiji unataka tere isipite omu 30. Ufaransa unakubali mpaka omu 100, ikiwa diferensieli ya mwanzo inakata kwa miliampea 500. Hesabu ni rahisi: nusu ampea mara omu 100 ni volti 50, njo kipimo ambacho mwili wa mutu mukavu unaweza kuvumilia. Hakuna mwenye kudanganya kati yao. Kila mumoja amejenga mufumo wake, na ndani ya ule mufumo namba inasimama.

Shida ni kuchanganya. Kwenye shantie zetu mutu anachukua omu 100 ya Mufaransa, sababu ni rahisi kuifikia, kisha anaacha diferensieli ambayo njo ilifanya omu 100 ikubalike. Amechukua ruhusa, ameacha sharti. Na kwa udongo wetu mambo yanazidi. Mu Januari, mvua ikinyesha kila siku, udongo umelowa, tere inapima vizuri. Rudi mu Agosti, kiangazi kimekausha kila kitu, pima tena mahali pale pale: namba imepanda. Nyumba iliyokubaliwa wakati wa mvua inaweza kuanguka mutihani wakati wa kiangazi bila mutu kugusa waya hata mumoja. Zile kanuni ziliandikwa kwa watu ambao udongo wao haukauki miezi mitano mufululizo. Kuzikopi bila kuandika "pima mu kiangazi" ni kukopi nusu.

Angalia pia lile neno dogo: "fondasio inayofika santimetri 60." Hapo kanuni ya umeme imejifunga kwa kanuni ya kujenga. Nyumba nyingi za matofali ya udongo kwenye kartie za pembeni hazifiki kule chini. Kwa hiyo nyumba ya mutu masikini inatoka inje ya sharti la waya wa kuzunguka, si kwa sababu iko salama zaidi, ni kwa sababu ilijengwa na mufereji mufupi. Anayehitaji ulinzi zaidi njo maandishi yanamuruka.

Kitu cha pili ni ukuta wenyewe. Kanuni za kujenga zinakataza kukata ovyo ukuta unaobeba mabati ao dalle. Kanuni za umeme zinakubali kupitisha tubu ndani ya ukuta. Zote mbili ziko na haki. Lakini chukua ukuta wa matofali ya udongo wa santimetri 15. Mutu wa umeme akikata mustari wa kulala, santimetri 3 kwa kina, ameondoa sehemu moja kwa tano ya ule ukuta, kutoka pembe mpaka pembe. Kwa macho ya fundi wa umeme ni kazi safi: hakuna waya unaoning'inia. Kwa macho ya fundi wa kujenga ni kidonda. Nani anaamua? Kwenye shantie anaamua yule aliyefika wa mwisho, sababu yeye njo ameshika marto na burini.

Kitu cha tatu kinahusu wale waliokomalia kwenye kambi za zamani. Nyumba za Union Minière, na kisha za Gécamines, zilikuwa na kitu kimoja ambacho leo hatuna: mwenye nyumba, mwenye waya na mwenye tubu ya maji walikuwa ni mumoja. Kampuni ilijenga barrage ya Nzilo mu 1952 na ya Nseke mu 1956 kwa sababu ya shaba, na waya ulioingia mu nyumba ya mufanyakazi ulitoka mukono ule ule. Tusiseme ilikuwa paradiso. Ile bilo moja iliyojua kila waya ilijua pia nani analala mu nyumba na nani hapashwi kulala. Na mutu aliyeishi inje ya kambi hakuhesabiwa. Lakini swali "hii ni kazi ya nani?" lilikuwa na jibu.

Kampuni ilipoanguka, nyumba zikabaki na wafanyakazi na watoto wao, lakini ule ujuzi haukubaki nao. Chukua nyumba ambayo tere yake imefungwa kwenye tubu ya chuma ya maji, sababu tubu ya chuma iliyozikwa ni tere nzuri. Siku moja tubu inatoboka, inabadilishwa kwa plastiki. Maji yanafika safi, familia inafurahi. Hakuna mutu amewaambia kwamba siku ile ile tere yao ilikufa. Fundi wa maji alitengeneza maji, na bila kujua akafanya frigo ianze kupiga. Kwa karatasi gani ungemukamata? Hakuna hata moja.

Mutu ataniambia: ndugu, unazungumza juu ya tubu na frigo, wakati watu wanakufa juu ya mambo makubwa. Sawa, tuende kwa makubwa. Tarehe 2 Februari 2022, Kinshasa, soko ya Matadi-Kibala. Waya wa volti ya juu ulikatika, ukaanguka mu soko wakati chini kulijaa maji ya mvua. Watu 26 walikufa, wengi wao ni wamama waliokuja kuuzisha. Kisha serikali ikatangaza kwamba soko itahamishwa. Kwa siku mingi inchi nzima iligawanyika kwa ugomvi mumoja: wengine wakasema kosa ni ya waya, wengine kosa ni ya soko.

Mi naona ule ugomvi wenyewe ulikuwa njo ugonjwa. Mu sheria ya umeme kuko mambo ya servitude, yaani ile njia chini na kandokando ya waya ambayo haipashwi kujengwa. Mu urbanismu kuko mambo ya nani anaruhusiwa kujenga wapi. Servitude ni mustari mumoja unaotakiwa kuandikwa mara mbili: kwenye karta ya mwenye umeme na kwenye karta ya mwenye kutoa parseli. Ukiandikwa mara moja tu, hauchungi mutu. Mwenye waya ataonyesha karta yake, mwenye soko ataonyesha karatasi za taksi alizolipa kila siku, na wote wawili watakuwa na haki mbele ya marehemu 26.

Na hapa kwetu? Laini ya Inga–Kolwezi, ile ya kilometa karibu 1.700 iliyoanza kazi mu 1982, inaishia hapa hapa, kwenye stasio ya kugeuza umeme. Kutoka pale, na kutoka Nzilo na Nseke, waya za volti 120.000 na 220.000 zinaelekea kwenye mine na miji. Muji umekua haraka tangu Lualaba ikuwe province mu 2015. Tembea tu kwa macho yako wazi, utaona mahali ambapo nyumba zinakaribia pilone kila mwaka. Mi siombi bahati mbaya. Ninasema tu kwamba Matadi-Kibala haikuwa ajabu ya Kinshasa.

Kisha sisi tuko na kodi ya tatu ambayo Kinshasa haina sana: kodi ya mine. Kwa sheria ya udongo ya mwaka 1973, udongo ni wa Leta. Wewe uko na haki ya kuutumia. Na kodi ya mine ya 2002, iliyobadilishwa mu 2018, inatenga haki ya mine na haki ya udongo wa juu. Kasulo ilitufundisha maana yake. Tangu 2014 watu walipokuta kobalti chini ya parseli zao, walianza kuchimba ndani ya nyumba na mu lupango. Mu 2017 sehemu moja ya kartie ikafungwa na ukuta, ikawa mahali pa kuchimba. Fikiri sasa: permi inahesabu fondasio, kanuni ya umeme inahesabu tere ndani ya udongo, na chini yao zote mbili kuko shimo. Ule udongo ambao fundi wa kujenga anaamini utabeba, na ambao fundi wa umeme anaamini utakunywa umeme mubaya, hauko tena.

Na ukiingia ndani ya konsesio ya mine, ni dunia ingine. Kule unaweza kukuta kanuni za Afrika ya Kusini, za China, ao za IEC, kulingana na nani alijenga, na hakuna anayecheza nazo: kabla ya kugusa mashine unafunga na kadena, unaweka jina lako. Kijana wetu anafanya ile kazi muzuri mchana kutwa, saa kumi na mbili anarudi nyumbani, anachomeka televizio kwa multiprise iliyoshikilia pilgi tatu za aina tofauti, moja ilipita Kasumbalesa ikitoka Zambia, na kadi ya SIM imefungia pengo ili isitikisike. Tunajua usalama ni nini. Tunauacha kwenye giti ya kampuni pamoja na kaske.

Najua majibu mawili yatakuya. La kwanza: "Shida ni rushwa. Hata mukiunganisha sheria, mutu atalipa na atapita." Kweli rushwa iko. Lakini rushwa inapenda sana mahali ambapo kazi haina mwenyewe. Kama bilo mbili zote zinaweza kukuomba karatasi na hakuna hata moja inayolazimika kutazama ukuta, utalipa mara mbili na nyumba haitakuwa salama hata mara moja. La pili: "Watu ni masikini, kanuni ni za matajiri." Hapo nakubali nusu. Waya wa milimita mraba 35 ni bei, hata kama shaba inatoka chini ya miguu yetu, na ukiuacha wazi usiku mumoja utaukuta umeshaibwa. Lakini diferensieli ya miliampea 30, ile inayolinganisha umeme unaoingia na unaorudi na kukata ikiona tofauti, inalinda hata kama tere ni mubovu: miliampea 30 mara omu 1.000 ni volti 30 tu. Kwa nyumba ya udongo isiyokuwa na mufereji murefu, kile kifaa kimoja kinafanya kazi kuliko kurasa mia za norme. Kanuni yetu wenyewe, kama ingeandikwa hapa, ingeanza na hicho.

Wengine wamefanya nini? Ufaransa, tangu 1972, nyumba mupya haiunganishwi na umeme bila cheti cha Consuel. Mu miji mingi ya Marekani, ambako kitabu cha umeme kilianza 1897 na kitabu cha kujenga ni kingine kabisa, inspekta anapita kutazama waya mbele ya ukuta kufungwa. Bila sinyatire yake huwezi kufunga. Kenya walikaa na kodi ya kujenga ya 1968 mpaka 2024, wakaandika mupya. Sitaki tukopi wala moja. Ila mufano wa Marekani unanifundisha kitu: vitabu viwili si mukosi, ikiwa kuko siku moja ambapo wote wawili wanalazimika kusimama mbele ya ukuta mumoja ulio wazi.

Kwa hiyo maoni yangu ni madogo, na hayangoji Kinshasa. Siku mbili tu. Ya kwanza: mbele ya beto, mufereji ukiwa wazi. Ya pili: mbele ya kupaka simenti, tubu zikionekana. Komuni za Dilala na Manika zinaweza kuomba picha mbili zile kwenye dosie ya permi, na mwenye kuleta umeme anaweza kuziomba mbele ya kuweka konteri. Picha mbili zile zile, bilo mbili. Simu tuko nazo wote. Haziwezi kuonyesha kila kitu, lakini zitamulazimisha masoni na mutu wa umeme wajuane mbele ya kosa, si kisha.

Na sisi wa chama? Tuko na ba-sivili na ba-elektro ambao mu Polytech walikaa kwenye auditware moja miaka ya kwanza, kisha wakatengana na hawakuonana tena. Hatuna sababu ya kungoja arete ili kuonana. Kiangazi hiki, mwenye kuwa na chombo cha kupima tere alete, tupite nyumba za wanachama wenyewe, mu Agosti, udongo ukiwa mukavu. Tuanze na nyumba ya baba mudogo wangu. Anajua tayari, na amesha kukubali. Mama mudogo yeye ameuliza swali moja tu: kisha hapo ataweza kufungua frigo bila sapatu?